Mlafi Kabatini

Ukimtaka Kasi asubuhi, usihangaike kwenda dukani kwake. Nenda nyuma ya maghala, pale wanapouza kompyuta zilizotupwa na maofisi. Utamkuta amechuchumaa mbele ya trei za mayai, ila humo ndani hamna yai hata moja. Ni prosesa tupu, vile vipande bapa vya chuma vinavyofanya fikra zote za kompyuta, kila kimoja kwenye kishimo chake. Anaokota kimoja, anatazama pembe kama zimeliwa, anakigeuza aone vidoto vya dhahabu tumboni kama vimeungua, anakipuliza, halafu anakinusa. Ndiyo, anakinusa, na uso ameukunja kama mtu anayepima maziwa yaliyolala.

"Unanunua au unaoa?" muuzaji alimwuliza siku hiyo.

"Kuoa si kugumu hivi," Kasi alijibu bila kuinua uso.

Hilo la Kasi ni jina la mtaani, lakini limemganda mpaka wateja hawamjui kwa jingine. Kazi yake ni kuzisukuma kompyuta zikimbie kuliko alivyozipangia aliyezitengeneza. Wapo wanaoona kwamba kizuri lazima kiwe kipya, na Kasi huwacheka wazi wazi. Yeye hutafuta toleo la zamani, lile ambalo watengenezaji hawakulifunga, ukalipandisha kasi upendavyo mpaka likalingana na la dukani lililotoka juzi. Shida yake ni moja. Prosesa za toleo moja ni kama watoto wa tumbo moja, sura zinafanana na tabia hazifanani. Moja inakimbia kwa umeme kidogo, imetulia, haina makuu. Nyingine, ili ifike pale pale, inataka ilishwe umeme mwingi, na ikishalishwa inachemka. Kwa macho hata Kasi mwenyewe, pamoja na pua yake hiyo, hawezi kuzitenganisha mpaka azijaribu.

Siku hiyo alikuwa ametumwa na baba yake.

Mzee huyo ni mhandisi wa majengo. Amestaafu kwa karatasi tu, maana mkandarasi anayemwamini hainui orofa bila kwanza kupita kwake. Ana chumba chake cha kazi pale nyumbani, na humo kompyuta humpigia hesabu za nguzo na boriti: zege liwe nene kiasi gani, nondo ziwe ngapi, jengo lisije likawaangukia watu. Kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka. Mzee akishaipa jengo la orofa, ilimbidi aende akaoge, anywe chai, asome gazeti mpaka matangazo ya vifo, na akirudi anaikuta bado inawaza.

"Nitafutie prosesa, mwanangu," alimwambia Kasi. "Ya zamani haina neno. Uisukume kama unavyowasukumia vijana wako. Ila nichagulie nzuri, hii si ya michezo. Watu watalala chini ya hizi hesabu."

"Nitakuchagulia iliyo bora, baba," Kasi alisema. Na wakati anasema hivyo nia yake ilikuwa safi kabisa, tumpe haki yake.

Alinunua mbili za toleo moja, moja ya mzee na moja yake, akaenda nazo dukani. Duka lenyewe ni kichumba katika korido ya jengo la biashara, meza moja, mashine ya majaribio iliyotolewa bati la ubavuni, na feni ya kusimama inayolia kila ikigeuka. Alizijaribu kwa zamu. Ya kwanza aliipandisha, akaipandisha tena, ikawa inakwenda tu, joto liko chini, umeme kiduchu. Akaiita Mpole. Ya pili ilifika nusu ya safari ikaanza kudai. Akaiongezea umeme, ikasogea. Ikadai tena. Hiyo akaiita Mlafi.

Mtu mwenye akili timamu angefanya nini hapo? Mpole kwa baba, Mlafi kwa mwana, mambo yakaisha. Lakini kuna Barafu.

Barafu ana duka mwisho wa korido hiyo hiyo, kazi ile ile, na kichwa kikubwa kuliko cha Kasi. Mafundi wa jengo hilo hushindana kila mara nani ataisukuma mashine mbali zaidi, na kwa muda mrefu mshindi alikuwa Barafu. Picha ya ushindi wake ilibandikwa mlangoni kwake, karibu na choo, kwa hiyo Kasi hakuweza hata kwenda haja bila kuiona. Sasa ameshika Mpole kiganjani, prosesa ambayo hakuwahi kuiona mfano wake tangu aanze kazi, halafu aende akamfungie mzee apigie hesabu za ngazi?

Akajisemesha. Mzee hatajua tofauti. Mwendo ni ule ule, wamefika pale pale wote wawili, mmoja kwa miguu na mwingine kwa kubebwa. Nitaiangalia mwenyewe, ikisumbua nabadilisha. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno, na huyu siku zote alikuwa msemaji mzuri.

Basi akampandisha Mlafi hadi kwenye kasi ya mwenzake, akamlisha umeme karibu na ukomo. Lipo jaribio wanalolijua watu wa kazi hii. Unaipa prosesa hesabu nzito mfululizo, inazipiga na kujisahihisha yenyewe, unaiacha kutwa nzima ndipo uiamini. Maana prosesa iliyosukumwa kupita kiasi haifi papo hapo. Kwanza inaanza kudanganya, kidogo kidogo, na uso mkavu. Kasi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akaanzisha jaribio, mashine iko wazi ubavuni, feni ameielekeza humo humo, Mlafi anapepewa kama mgonjwa wa homa. Ilipofika wakati wa chakula alikuwa bado hajakosea. Kutwa haikuisha, lakini Barafu alichungulia mlangoni akauliza kama leo kuna mtu anataka kuaibika, na Kasi akazima jaribio ili apate meza ya kushindania.

"Imepita," alijiambia.

Jioni hiyo alimshinda Barafu. Alimshinda vibaya, mpaka watu wa maduka ya viatu wakaja kutazama kelele ni za nini. Picha mpya ikabandikwa, safari hii mlangoni kwa Kasi.

Kesho yake akaenda kwa mzee na Mlafi ndani ya kopo la peremende. Akamwamkia, akafungua mashine, akafunga prosesa, akapaka grisi ya kupitisha joto, akarudisha kila kitu. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake muda wote, mikono mgongoni, kama anakagua jengo.

"Hii ndiyo uliyonichagulia?"

"Ndiyo hii, baba. Iliyo bora."

Hapo ndipo alipodanganya kwa mdomo. Mengine yote ungeweza kuyaita uzembe.

Mashine hiyo huwa inakaa kabatini, milango imefungwa. Marehemu mama ndiye aliyeitia humo, hakupenda kuona nyaya, na mzee hakutaka kubadilisha chochote alichokipanga mkewe. Kasi alipoisukuma ndani akafunga milango, mkono wake ulisita juu ya kitasa. Alijua. Humo hamna feni ya kusimama, hamna hewa, ni mbao nne na joto. Akajiambia atakuja siku nyingine na drili atoboe matundu nyuma.

Mzee akaiwasha, akaipa jengo la orofa, na kabla hajainuka kwenda kuoga jibu likawa limetoka. Akacheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo kila aliyeingia nyumbani aliambiwa. Mkandarasi aliambiwa, jirani aliambiwa, aliyekuja kusoma mita ya maji aliambiwa, kwamba mwanangu alinichagulia mwenyewe, moja moja, kwa mkono wake. Kasi akisikia hivyo alikuwa akitazama viatu vyake. Siku ya drili haikufika.

Aliyempigia simu ni dada yake mkubwa. Dada huyo ni muuguzi, anakaa na mzee, na si mtu wa kukuza mambo. Akikupigia wakati wa kazi, ujue liko jambo.

"Baba hayuko sawa," alisema. "Anajisahau."

"Anajisahau vipi?"

"Hesabu. Juzi alikuwa kwenye jengo na mkandarasi. Akachukua mchoro, akatazama boriti ya ngazi, akauliza kwa ukali, nani ameandika hivi, nondo hizi hazitoshi hata kwa kibanda cha kuku. Mkandarasi akamwambia, wewe, mzee."

Kasi alikaa chini. Kiti hakikuwepo, alikaa juu ya boksi la mashine ya mteja.

"Amerudi nyumbani hakula," dada aliendelea. "Tangu hapo anapiga kila kitu kwa mkono, halafu kwa mashine, halafu kwa mkono tena. Anasema amefuata nyayo za baba mkubwa."

Baba mkubwa alikuwa kaka wa mzee, mhasibu, kichwa kilichokuwa kinashika namba za simu za ukoo mzima. Ilianza hivyo hivyo, tarakimu moja hapa, ufunguo kule. Mwishowe alikuwa anamwuliza mkewe mwenyewe kwa adabu, wewe mama ni mgeni wa nani. Mzee ndiye aliyemlisha kijiko mpaka siku ya mwisho. Hakuna kitu duniani alichokiogopa kama hicho, na watoto wake walilijua hilo hata kama halikuzungumzwa mezani.

"Mashine inazimazima?" Kasi aliuliza.

"Haizimi hata kidogo. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Kasi alishajua. Alijua tangu aliposikia neno boriti.

Akaenda. Alimkuta mzee mezani, karatasi zimejaa, penseli imeng'atwa mwisho kama ya mtoto wa shule. Kabati liko pembeni, limefungwa. Kasi alipita akaliegemea kana kwamba anajinyoosha tu, akaweka kiganja kwenye mlango. Mbao zilikuwa za moto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Njoo hapa, uone kitu." Mzee akamwonyesha kioo. "Hapa nimeandika saba. Nimeona ni saba, nimeitamka kwa mdomo, saba. Jibu linakuja kama vile niliandika moja. Narudia, linakuja sawa. Narudia tena, limepinda. Sasa niambie, aliyebadilika ni saba au ni mimi?"

"Labda ni mashine, baba."

Alilisema. Mwandikieni hilo kwenye mema yake, kama mnaweza kuona mahali pa kuliandika. Alilisema kwa sauti ya mtu anayebisha hodi huku anaomba pasiwe na mtu ndani.

"Usinibembeleze," mzee alisema. "Mashine haikosei, anayekosea ni aliyeiandikia. Nimewafokea vijana kwa maneno hayo maisha yangu yote. Leo limenifika mimi, nibadilishe maneno? Na tena si mashine ya kuokota. Hii umenichagulia wewe."

Ndilo neno lililomfunga Kasi mdomo. Angeweza kulifungua hapo hapo, kwa sentensi moja. Badala yake aliuliza kama mzee amekunywa chai. Wakanywa chai. Mzee alitia sukari, akasita, akamtazama mwanawe na kumwuliza kwa upole, "Nimeshatia?" Na prosesa haikuhusika na sukari, kila mtu husahau sukari. Lakini mzee sasa alikuwa anahesabu kila kitu dhidi yake mwenyewe, na Kasi akaacha kikombe chake kikapoa.

Akarudi nyumbani, akalala macho wazi, na asubuhi akapata wazo ambalo alilipenda sana kwa sababu halikuwa na aibu ndani yake. Atabadilisha kimya kimya. Akamng'oa Mpole kwenye mashine yake, mshindi wa korido nzima, akamtia kwenye kopo la peremende, akaenda kwa mzee kwa kisingizio cha kufuta vumbi. Dada alikuwa amempeleka mzee kunyoa. Kasi alimtoa Mlafi akamfunga Mpole, kwa kasi ya kawaida, bila kumsukuma hata hatua moja. Safari hii alikuja na drili pia, akatoboa matundu nyuma ya kabati, mengi kuliko yaliyohitajika, akafagia unga wa mbao. Alipotoka alijihisi mwepesi. Nimempa iliyo yake, alijiambia, na mimi nimebaki na mbovu, tumelipana. Akabandua hata ile picha mlangoni kwake, Barafu akafurahi bila kujua sababu.

Na mashine ikapona. Kasi alipiga simu mara kwa mara kuuliza, akijitia hamnazo. Hesabu zinatoka sawa? Zinatoka sawa, dada alisema. Zote? Zote.

"Sasa si vizuri?"

"Vizuri vipi? Amemwita mkandarasi amemrudishia michoro yote. Muhuri wake amenipa mimi nimfichie. Na amekubali kwenda kupimwa kumbukumbu hospitali, tena yeye ndiye aliyeniomba. Baba, yule ambaye hata presha alikuwa hapimi."

"Lakini umesema hesabu zinatoka sawa."

"Anasema zinatoka sawa kwa bahati." Dada akashusha sauti. "Njoo ukae naye, mdogo wangu. Akiwa na wewe anatulia."

Basi akaenda kukaa naye, na hicho kikao ndicho kilichommaliza. Mzee alimvutia kiti karibu, akafungua kazi ya zamani, ile ile ya ngazi, akaanza kuingiza tarakimu. Kila akibonyeza alisimama, akamgeukia mwanawe.

"Nimeandika nini hapo?"

"Saba, baba."

"Una hakika?"

"Saba."

"Na hapa?"

"Nne."

Mhandisi aliyesimamisha majengo ambayo watu wamezaliana humo, anamwuliza mtoto wake wa mwisho kama hii ni nne. Walifika mwisho hivyo, tarakimu kwa tarakimu. Jibu likatoka, sahihi kabisa, linalingana na la penseli. Mzee akalitazama muda, akampigapiga Kasi begani.

"Ni kwa sababu ulikuwepo," alisema. "Ahsante, mwanangu. Wewe hujawahi kuniangusha."

Kasi aliomba ruhusa ya kwenda msalani, akafungua bomba ili asisikike. Alilia kama mtoto, mkono mdomoni. Alikuwa amerudisha prosesa, lakini kile alichokitoa kwa mzee hakikuwa kimekaa kwenye mashine, na hakuna kopo la peremende ambalo angeweza kukirudisha nalo. Alinawa uso. Akatoka, akaaga kwa haraka, akasema anarudi.

Alirudi na Mlafi.

Mzee alishangaa kumwona anafungua mashine tena. Kasi hakueleza. Alifanya haraka mpaka grisi ikapakaa kwenye shati. Akamfunga Mlafi, akampandisha hadi pale pale pa mwanzo, umeme ule ule, akaziba matundu ya kabati kwa magazeti, akafunga milango. Kisha akavuta kiti.

"Baba, kaa hapa. Mikono iweke mapajani. Usiguse kitu."

"Unanipima?"

"Sikupimi wewe."

Akaifungua kazi ya ngazi waliyoiingiza pamoja, tarakimu alizozithibitisha yeye mwenyewe, akaiambia mashine ipige. Jibu likaja sawa. Akairudisha mwanzo, ikapiga tena. Sawa. Tena. Sawa. Aliwahi kuomba prosesa nyingi zisishindwe, na sasa kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anaomba moja ishindwe, upesi, mbele ya baba yake. Waliketi. Kabati likaanza kutoa joto. Akairudia.

Boriti ya ngazi ikapungua nondo.

Mzee alisogeza uso karibu na kioo.

"Tena," akasema hatimaye.

Ikaja sawa. Tena. Ikapinda, safari hii kwenye nguzo. Mzee akaitazama mikono yake iliyokuwa mapajani, akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena.

"Sijagusa," alisema.

"Hujagusa, baba. Hata siku ile hukukosea. Ni prosesa. Imesukumwa kupita uwezo wake, ikipata joto inatoa uongo. Wewe huna kitu. Kichwa chako ni kizima."

Mzee alivuta pumzi ndefu, na Kasi akaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Macho yalikuwa yamelowa. Akamgeukia mwanawe, na usoni alikuwa tayari kusamehe.

"Kumbe walikuuzia mbovu," alisema. "Hukujua, masikini."

Jamani. Mlango huo ulikuwa wazi kabisa, na aliyeufungua ni mzee mwenyewe. Kasi angesema ndiyo tu, baba, waliniuzia mbovu, na wote wawili wangelaani wauza mitumba, wakanywa chai. Nusura apite.

"Nilijua," alisema. "Zilikuwa mbili. Nilizijaribu zote. Nzuri nilibaki nayo."

"Ya nini?"

"Ya kumshinda Barafu."

"Barafu ni nani?"

"Jirani yangu pale dukani. Tunashindana."

"Mnashindania nini?"

"Hakuna kitu, baba. Picha tu. Mtu anabandika mlangoni."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama alivyozoea akiambiwa vipimo vya kiwanja. Hakupandisha sauti, na Kasi angeshukuru sana kama angeipandisha. Alinyoosha mkono akafungua milango ya kabati, joto likawapiga usoni wote wawili, akaizima mashine kwa kidole chake mwenyewe.

"Nilikuwa naogopa kulala," mzee alisema, bado anatazama kabati. "Kaka yangu alilala anatujua, akaamka hatujui. Kwa hiyo kila nikiamka, kabla sijatia mguu chini, naanza kutaja majina yenu. Kwa sauti, nijisikie. Lako naanza nalo. Wa mwisho kuzaliwa ndiye wa kwanza kusahaulika, kaka yangu alianza kumsahau kitinda mimba wake." Akamgeukia mwanawe. "Kila asubuhi. Na wewe ulikuwa unajua ni mashine, si mimi."

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu dada aliponipigia."

"Basi funga ile nzuri, uende kazini."

Alifunga. Mzee alikaa pembeni akimtazama. Wakati Kasi anaokota vifaa vyake, mzee alimwambia amwachie Mlafi mezani, karibu na penseli, na hakueleza wa nini. Kasi alimwacha.

Dada aliambiwa kila kitu. Alimsema mdogo wake mpaka akachoka, halafu akalia, halafu akamrudishia mzee muhuri wake na kumtafuta mkandarasi. Michoro ikarudi. Watu walisema mzee amepona, na Kasi aliposikia neno hilo alikuwa akitafuta kitu cha kufanya kwa mikono yake.

Siku moja alipita kabla ya kwenda maghalani, na ile drili begani, maana kabati lilikuwa bado limezibwa magazeti. Dada alimfungulia, akamwonyesha kwa kidole chumba cha mzee kwamba ameshaamka, akaenda jikoni. Kasi alifika mlangoni akainua mkono abishe hodi. Akasikia sauti ndani.

Mzee alikuwa anataja majina. Ya wanawe, ya marehemu mkewe, ya kaka yake, moja moja, bila haraka. Mashine ilikuwa imepona, na hospitali walishasema hana kasoro, na bado alikuwa anataja. Alipomaliza alirudi mwanzo, akalitaja jina la mwanawe wa mwisho, jina alilompa mwenyewe, si lile la mtaani. Akasita. Akalitaja tena, taratibu, kama anahakiki.

Kasi alisimama pale na mkono juu, akashindwa kubisha.